Jeti ndogo kuukuu ya kibinafsi

Jeti ndogo kuukuu ya kibinafsi ni ndege ya abiria wachache yenye injini mbili za jeti, iliyotumika miaka mingi na kuuzwa tena kwa bei nafuu. Mfano wake maarufu ni Cessna Citation 500 ya Marekani, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1969 kwa injini za Pratt & Whitney Canada JT15D. Bei ya kuinunua hupotosha: gharama kubwa hutokana na mafuta, ukaguzi wa lazima, vipuri adimu, bima na mafunzo ya marubani.

Wilayani Fizi, Kivu Kusini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jeti kama hiyo haifai. Viwanja kama cha Minembwe ni vifupi na vya udongo, na mawe yanayorushwa na magurudumu huweza kuharibu injini. Ndege za pangaboi kama Cessna Caravan hustahimili zaidi. Kwa usafiri, mji wa Baraka wilayani humo hutegemea pia boti za Ziwa Tanganyika. Hata lami haiondoi hatari: tarehe 12 Februari 2012, Gulfstream IV, jeti kubwa zaidi, ilipitiliza njia ya kutua Kavumu karibu na Bukavu, akafa Augustin Katumba Mwanke, mshauri wa Rais wa wakati huo, Joseph Kabila.