Elimu ya Kengele Iliyopotea na Kupatikana Tena

Kengele ni chombo cha zamani sana. Katika Kutoka, mlango wa 28, twasoma habari za kengele za dhahabu zilizotiwa pindoni mwa joho la Haruni. Lakini kuipata kengele iliayo ni jambo moja, na kuifanya ilie kwa sauti safi ni jambo jingine.

Yafaa kujua ya kuwa kengele haina sauti moja tu. Igongwapo hutoa sauti nyingi pamoja, na tano katika hizo ndizo kubwa. Zikipatana, sikio hufurahi kama lisikiapo waimbaji wanaojua kazi yao. Zisipopatana, kengele hulia vibaya, ijapokuwa shaba yake ni njema.

Katika karne ya 17 alikuwako mjini Utrecht, katika nchi ya Uholanzi, kipofu mmoja mpiga kengele, jina lake Jacob van Eyck. Yeye alizisikiliza sauti hizo hata akazitambua moja moja. Akashirikiana na ndugu wawili, François na Pieter Hemony, mafundi wa kusubu kengele. Hao, wakiisha kuisubu kengele, waliikereza upande wa ndani, wakipunguza shaba kidogo kidogo mahali palipohitaji, mpaka sauti zote zikapatana. Mwaka 1644 walifanya hivyo kwa kengele za mnara wa Zutphen, na watu wakastaajabu.

François alifariki mwaka 1667, na Pieter mwaka 1680. Baada yao ufundi huo ukafifia, hata ukapotea. Kengele nyingi kubwa zikasubiwa, nazo zikalia bila kupatana, hali zile za Hemony zingali zikilia minarani.

Ndipo mwaka 1895 na 1896 Padre Arthur Simpson, wa Fittleworth katika Uingereza, alipoandika gazetini makala mbili, akionyesha kosa lilipo. Mafundi wa nyumba ya Taylor, mjini Loughborough, wakayakubali maneno yake, na mwaka 1896 wakaanza kuzilinganisha zile sauti tano.

Hata atengenezaye kengele ndogo za upepo kwa vipande vya bomba ana haja ya elimu ya namna hii. Bomba fupi hulia juu kuliko refu. Tena kila bomba lina mahali pasipotikisika, kadiri ya sehemu 22 katika 100 za urefu wake, toka kila ncha. Ukilitundika hapo, hulia wazi; ukilifunga katikati, waizima sauti yake.

Basi, wasomaji, tuangalie jambo hili. Ujuzi ukaao vichwani mwa watu wachache waweza kuzikwa pamoja nao. Na makala mbili tu zaweza kuurudisha. Kama kijijini mwako yuko mzee mhunzi, au mchonga ngoma, au mfinyanzi, nenda ukamwulize kazi yake angali hai, ukayaandike maneno yake.