Tiger Moth mezani kwangu

Wadau, usiku nikitoka kazini nagundisha Tiger Moth ya plastiki, seti ya zamani ya Airfix, kipimo cha 1/72. Bawa la juu linashikana na la chini kwa vijiti vyembamba. Ukikosea kimoja, yote yanapinda. (Yangu yamepinda.)

Ndege yenyewe iliruka kwanza 1931, Uingereza, ikawa ya kufundishia marubani. Mwaka 1939 Roald Dahl, yule mwandishi, akiwa mfanyakazi wa Shell hapa Dar, aliendesha gari hadi Nairobi kujifunza kuirusha. Jamaa alikuwa mrefu, kichwa kinapita kioo cha mbele! Walikuwa 16. Aliandika baadaye kwamba ndani ya miaka miwili 13 walikufa angani.

Mwanafunzi hukaa kiti cha nyuma. Changu bado nimekiacha wazi.