Jumuiya za Wanafunzi Katika Nchi ya Dhahabu

Limekuwa likiulizwa mara kwa mara, misikitini na vyuoni: je, jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, yenye amiri, katibu na mweka hazina, ina asili katika dini, au ni uzushi unaowagawa Waislamu makundi makundi? Wapo wanaolijibu kwa neno moja. Sisi tunaona historia iulizwe kwanza, na tumechagua kuiuliza katika ukanda wa Shinyanga na Geita, ambako vyuo ni vidogo, Waislamu ndani yake si wengi, na machimbo hayako mbali na darasa.

Vijana wa Usukuma walikuwa na vyama vyao kabla ya kuwepo chuo chochote. Basumba, yaani vijana wa kijiji, walikuwa na kiongozi aliyeitwa nsumba ntale, nao walitoka kwa pamoja kulima shamba la mwenzao. Palikuwa pia na vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyoshindana baada ya mavuno hadi leo hii, na ushindani huo ulitegemea dawa za waganga za kuvuta watazamaji. Mwenye kuangalia kwa jicho la sheria ataona mambo mawili katika nchi moja na miongoni mwa vijana wale wale: kusaidiana kulima, ambako hakuna wa kukukataza, na kutegemea dawa, ambako ni katika milango ya shirki. Kukusanyika ni kule kule. Kilichotofautiana ni lile walilokusanyikia.

Na hili halianzi Usukuma. Mtume (s.a.w.), akiwa kijana kabla ya utume, alihudhuria Hilful-Fudhuul katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an. Sababu yake, ndugu msomaji, ilikuwa deni la biashara. Mtu wa Zabid, Yemen, aliuza bidhaa zake Makka kwa Al-As bin Wail, akadhulumiwa malipo. Waliokutana waliapa kusimama na mdhulumiwa mpaka apewe haki yake. Baada ya Uislamu Mtume (s.a.w.) aliusifu mkataba ule, akaeleza kwamba lau angeitiwa tena angeitika. Ulikuwa mkataba wa watu wa Jahiliya, na bado ukasifiwa kwa ajili ya haki iliyokuwa ndani yake.

Tukija karne iliyopita, East African Muslim Welfare Society iliasisiwa mwaka 1945 na kujishughulisha na shule na misikiti katika Afrika Mashariki. Tanzania ilipigwa marufuku Desemba 1968, mwezi ule ule ilipoundwa BAKWATA. Katika miaka iliyofuata kazi kubwa ya kuwafundisha dini vijana wasomi ilibebwa na vijana wenyewe. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam palikuwa na jumuiya yao, MSAUD, na katika miaka ya 1970 ikatokea Warsha ya Waandishi wa Kiislamu, iliyowaandikia wanafunzi vitabu. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilipofunguliwa mwaka 2005, jumuiya hizi zilikuwa zimeshafanya kazi kwa miongo kadhaa bila chuo kikuu chao wenyewe.

Sasa turudi Shinyanga. Mjini palikuwa na Shule ya Biashara, ile maarufu kwa jina la Shycom, ambayo baadaye ikawa chuo cha ualimu. Kizumbi, karibu na mji, ipo taasisi ya ushirika na biashara iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Hawa ni watu wa hesabu, mikopo na mikataba. Je, halaka yao inasoma nini? Aghalabu ni twahara, swala na sira, na maandalizi ya futari Ramadhani ikikaribia. Yote ni mema. Lakini fiqhi ya dhahabu, ambayo wenyeji wa Kahama na Geita wanaihitaji kila siku, haisomwi ipasavyo.

Tuchukue zaka. Imamu Abu Hanifa ameyaweka madini katika hukumu ya rikazi, hivyo hutolewa humusi. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi kwetu, madini ya dhahabu hutolewa robo ya ushuri, yaani asilimia 2.5, nisabu ikitimia, na wala haingojwi mwaka. Nisabu ni mithqali 20, zinazokadiriwa kuwa gramu 85. Mchimbaji mdogo apataye gramu mbili tatu hudhani hadaiwi kitu maisha yake yote. Hajui kwamba kinachopatikana kwa kazi isiyokatika huunganishwa.

Zito zaidi ni la mfadhili wa duara. Huyu hutoa chakula, dizeli na pampu kama mkopo, kwa sharti kwamba dhahabu itakayopatikana auziwe yeye chini ya bei. Mafaqihi wamekubaliana kwamba mkopo wenye sharti la kumnufaisha mkopeshaji ni riba. Soko la madini la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, limerahisisha kuijua bei, lakini halimwondolei mchimbaji deni lililomfunga kabla hajafika sokoni. Njia ya halali ipo: mfadhili awe mshirika, faida igawanywe kwa sehemu zilizojulikana na hasara ibebwe kwa kadiri ya mtaji. Nani wa kuuandika mkataba huo kwa Kiswahili chepesi, kama si mwanafunzi wa ushirika?

Tunajua udhaifu wa jumuiya hizi. Tumewahi kuona moja, katika chuo ambacho hatutakitaja, ikigawanyika kwa ajili ya kipaza sauti. Viongozi humaliza masomo wakaondoka na daftari la michango, wanaofuata wakaanza upya. Hayo ni makosa ya amana, na dawa yake ni kukabidhiana kwa maandishi na mashahidi.

Limebaki suala la marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa mara moja, ambao mwingine huununua ili auchenjue tena. Aliyenunua hakuchimba, je, anachokipata ni madini, au ni mali ya biashara inayongojewa mwaka? Sisi tunaelekea kwenye la pili, na tunawaomba masheikh wa Kahama na Geita walete hoja zao.