Ghala la Wazee Wetu

Wengi hudhani kwamba muhogo na mahindi ni chakula cha wazee wetu tangu kale. Sivyo. Vyote viwili vilitoka Amerika. Wareno walivileta pwani ya magharibi katika karne ya 16, navyo vikaingia Kongo polepole. Mbele ya hapo, wazee wa Katanga na wa kando ya ziwa Tanganyika walikula bukari ya ulezi na ya mtama, pamoja na kunde, njugu mawe na viazi vikuu.

Kila mbegu ilikuwa na kazi yake. Ulezi hauharibiwi upesi na wadudu, hukaa ghalani miaka kadhaa. Mtama huvumilia jua kali. Njugu mawe huzaa hata katika udongo usio na rutuba. Zao moja likikosa, lingine liliokoa nyumba.

Ni nini basi kilichopunguza mbegu hizo? Si uvivu wa wakulima. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ilitoa amri ya mazao ya lazima. Mkulima alidaiwa hata siku 60 kwa mwaka, na mahali pengi zao lenyewe lilikuwa pamba. Nayo Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906 kuchimba shaba ya Katanga, iliwapa wafanyakazi wake unga wa mahindi. Ulezi unataka palizi nyingi, na mtama unataka mtu wa kufukuza ndege. Mama aliyebakiwa na siku chache alipanda muhogo, usiodai mengi. Hivyo nyumba ikasimama juu ya nguzo moja.

Mwaka 1973 nguzo hiyo ilitikisika. Mdudu mdogo mweupe, mgeni kutoka Amerika ya Kusini, alionekana pande za Kinshasa na Brazzaville. Alinyonya machipukizi ya muhogo; majani yakajikunja, sombe ikakosekana, mizizi ikawa myembamba. Mwaka 1981 wataalamu walipata huko Paraguay nyigu mdogo anayemwua mdudu huyo, wakamleta Afrika, na mashamba mengi yakapona. Tumshukuru Mungu. Lakini tumbo haliwezi kungoja miaka minane.

Yosefu huko Misri aliweka nafaka wakati wa shibe, hakungoja njaa. Hatusemi tung'oe muhogo, kwa maana umetulisha sana. Twasema tu: mama zetu wanaoshika bado ulezi na njugu mawe wasichekwe. Tuwaombe konzi moja ya mbegu, tuipande kila mwaka kando ya shamba. Mbegu isiyopandwa hufa ghalani, na jina lake huifuata.