Vyakula vya asili vya Udupi

Vyakula vya asili vya Udupi ni mapishi ya mji wa Udupi, katika jimbo la Karnataka, kusini-magharibi mwa India, kando ya Bahari ya Uarabuni. Mji huo unajulikana kwa hekalu la Krishna, lililoanzishwa na mwanafalsafa Madhva katika karne ya 13. Jina lake limeenea India nzima kwa sababu ya migahawa isiyopika nyama wala samaki, hata wengi hudhani kwamba ndivyo wanavyokula wakazi wote wa Udupi. Sivyo. Mji una majiko mawili, la hekalu na la watu wa pwani, na mgeni akionja moja tu huondoka amejua nusu.

Jiko la hekalu

Hekalu husimamiwa na nyumba nane za watawa, ambazo hupokezana zamu kila baada ya miaka miwili, mwezi Januari. Nyumba iliyo zamuni hubeba jukumu la kuwalisha mahujaji bila malipo, maelfu kwa siku. Mlo wa mchana ni wali, saaru (mchuzi mwepesi wenye uchachu), sambar ya dengu na mboga, kisha payasa, ambayo ni kama uji mtamu wa maziwa au tui la nazi. Sambar ya Udupi hutambulika kwa nazi iliyosagwa na sukari guru kidogo.

Vitunguu maji na vitunguu saumu ni mwiko. Aidha, katika miezi minne inayoangukia msimu wa mvua, wanaoshika mfungo huacha kitu kimoja kila mwezi: kwanza mboga na matunda, pili mtindi, tatu maziwa, nne jamii ya kunde. Masharti hayo, yanayoonekana magumu, ndiyo yaliyowafanya wapishi wawe mafundi wa nazi, ukwaju na viungo vikavu.

Si kila jambo la jiko hili limekubaliwa na wote. Kwa muda mrefu Wabrahmini walitengewa mahali pao pa kulia, na desturi hiyo imepingwa hadharani.

Bilingani la Mattu

Katika kijiji cha Mattu, karibu na mji, hulimwa bilingani la mviringo, la kijani lenye michirizi myeupe, liitwalo Mattu gulla. Masimulizi husema mbegu zake zilitolewa na mtawa Vadiraja katika karne ya 16. Mwaka 2011 lilipata hati ya kisheria ya kulinda jina la mahali linapotoka. Hofu haikuwa ya jina peke yake: bilingani la Udupi lilikuwa miongoni mwa aina zilizotumika katika majaribio ya kubadili jeni ili kuzuia wadudu. Februari 2010 serikali ya India ilisimamisha kilimo cha mabilingani hayo. Mattu gulla hupikwa zaidi katika sambar.

Vyakula vya majani

Pathrode hutengenezwa kwa majani ya magimbi yanayopakwa rojo la mchele, nazi na viungo, yakakunjwa na kupikwa kwa mvuke. Ukwaju hauwekwi kwa ladha tu, bali pia hupunguza mwasho wa majani. Kotte kadubu ni rojo la mchele na dengu nyeusi lililochachuliwa, likapikwa ndani ya vikapu vya majani ya mfenesi. Likifungwa kwa majani ya mkadi huitwa moode. Hivi viwili ni vya sikukuu, hasa ya kuzaliwa Krishna.

Migahawa

Wapishi waliohama Udupi katika karne ya 20 walifungua migahawa mijini, K. Krishna Rao, kwa mfano, alianzisha Woodlands huko Madras (leo Chennai). Ndiyo iliyoeneza masala dosa, chapati nyembamba ya rojo lililochachuliwa, yenye viazi ndani. Jioni huliwa goli baje, vidonge vya unga wa ngano na mtindi vilivyokaangwa. Msomaji wa Afrika Mashariki atatambua neno: baje ni ndugu wa bajia.

Jiko la pwani

Wenyeji wengi wanaozungumza Kitulu hula samaki, wanaoletwa kutoka bandari ya Malpe iliyo jirani. Hupikwa kwa nazi na pilipili nyekundu, na kuliwa na wali au neer dosa, ambayo ni laini na haichachuliwi. Kuku huliwa kama kori rotti: mchuzi wa nazi humwagwa juu ya mikate mikavu ya mchele, nayo huliwa kabla haijalainika yote.