Chokaa: Neno Moja, Maada Tatu

Wapo wanaodai kwamba kemia haisemeki kwa Kiswahili. Sisi walimu wa lugha hii yafaa tuwajibu kwa neno moja la kale: chokaa.

Waashi wa pwani walioujenga Msikiti Mkuu wa Kilwa, kuanzia karne ya 11, walitumia chokaa ya matumbawe. Jiwe lilichomwa kwa kuni, likamwagiwa maji, kisha likaakia ukuta na kuwa gumu tena.

Ni nini hutukia motoni? Wataalamu wa Ulaya walidhani kuwa ukali wa chokaa hutokana na moto ulioingia ndani yake. Mwaka 1756 Joseph Black wa Scotland alichapisha majaribio aliyoyapima kwa mizani, akaonyesha kinyume chake: hakuna kilichoingia, bali gesi imetoka. Gesi hiyo leo twaiita kabonidioksaidi. Gramu 100 za mawe safi ya chokaa, zikichomwa kwa nyuzi 900 hivi, hutoa gramu 44 za gesi na kubakisha gramu 56 za chokaa. Hakuna kilichopotea.

Hayo si ya pwani tu. Jirani na Gitambi, wilayani Rusizi nchini Rwanda, maji ya moto ya Mashyuza hutoka ardhini yakiwa na chokaa iliyoyeyuka pamoja na gesi ile ile. Gesi ikitoroka, chokaa huganda ikawa jiwe. Kwa mawe ya namna hiyo kiwanda cha Cimerwa, katika bonde la Bugarama, kilianza kutoa saruji mwaka 1984. Na bonde hilo, lililo karibu na mipaka ya Kongo na Burundi, limezoea Kiswahili tangu kabla ya Rwanda kukifanya lugha rasmi mwaka 2017.

Hata hivyo, tusijisifu kupita kiasi. Fundi huita chokaa jiwe, unga uliotoka tanuuni, na uji wake. Mwanakemia hutenga misombo mitatu: kabonati, oksaidi na haidroksaidi ya kalsiamu. Mwanafunzi asiyezitofautisha aweza kushika oksaidi kwa mkono wenye maji, akaungua. Kazi yetu, basi, ni kumwanzisha kwa neno alijualo, kisha kumpa majina matatu. Kiswahili kinayo yote.