Kodi ya Shilingi 16 na damu iliyomwagika Nairobi 1922

Juni 25, 2024, vijana walivamia Bunge la Kenya wakipinga Mswada wa Fedha, na kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Wengi waliona wamezaliwa Wakenya wa aina mpya. Lakini ugomvi wa Mkenya na serikali inayotumia fedha nyingi kisha kumletea yeye bili, una zaidi ya miaka mia moja.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 5. Mwaka huo serikali ya kikoloni ilianzisha kodi ya nyumba, ya rupia chache tu. Mnamo 1910 ikaongeza kodi ya kichwa. Miaka michache baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kiwango kilikuwa kimepanda hadi Sh16.

Wakati huohuo, walowezi walitaka kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Walipotozwa kodi ya mapato wao wenyewe, walipiga kelele hadi ikafutwa 1922. Walikuwa na wawakilishi katika Baraza la Kutunga Sheria; Mwafrika hakuwa na mtu.

Aliyesimama kumsemea ni Harry Thuku, mpokea simu katika Hazina ya serikali yenyewe. Katika tawasifu yake iliyotoka 1970, anasimulia jinsi mishahara, kitambulisho cha kipande na kodi vilivyomsukuma kuingia siasa. Alizunguka akihutubia mikutano, akilaani pia kazi za shuruti walizofanyishwa wanawake na wasichana.

Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye maelfu ya watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, karibu na hoteli ya Norfolk. Wazee waliotumwa kuzungumza na serikali walirudi mikono mitupu, wakawasihi watu waende nyumbani. Baadhi ya wanaume wakaanza kuondoka. Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alipojitokeza, akainua nguo yake mbele ya umati na kuwataka wanaume wampe suruali zao iwapo wanaogopa. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele, bunduki zikalia. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilikiri vifo 21. Walioshuhudia walitaja idadi kubwa zaidi. Thuku alipelekwa Kismayu, na hakuachiliwa hadi miaka ya 1930 ilipowadia.

Kodi ikashushwa hadi Sh12. Huo ni ushindi ulionunuliwa kwa damu, na inauma kwamba Thuku amepewa barabara jijini ilhali mtoto wa shule anaweza kumaliza masomo bila kulisikia jina la Nyanjiru.

Mzigo wa kodi haukuishia hapo: baada ya uhuru ilikuja kodi ya mauzo 1973, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) 1990 na Mamlaka ya Mapato (KRA) 1995. Matumizi nayo yakapanuka: kaunti zikaanza kazi 2013, na deni la taifa sasa limepita Sh10 trilioni.

Mwaka 1922 mlipakodi alipunguziwa mzigo, lakini hakupewa sauti katika matumizi. Leo anayo: Kifungu cha 201 cha Katiba kinaagiza uwazi, ushirikishwaji wa wananchi na mgao wa haki wa mzigo wa kodi. Tuidai haki hiyo fedha zinapopangiwa matumizi, kabla ya Mswada wa Fedha kufika Bungeni.